Kati ya Kikohozi na Dawa

Kifua kikuu husafiri kwa hewa. Mgonjwa wa mapafu anapokohoa, anapoimba au anapozungumza tu, hutoa matone madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na ndani yake wamo bakteria. Matone makubwa huanguka chini mara moja. Yale madogo huelea, na katika chumba kisichopitisha hewa huweza kukaa saa kadhaa kabla hayajavutwa na mtu mwingine. Nje ya nyumba upepo huyatawanya na mwanga wa jua huua bakteria. Ndiyo maana ugonjwa huu hupatikana zaidi katika vyumba vya kulala, mabweni, mahabusu, mabasi yaliyofungwa madirisha na mashimo ya migodi. Hauambukizwi kwa kuchangia sahani, kikombe au nguo, wala kwa kupeana mikono. Hata hivyo, mpaka leo ziko familia zinazomtengea mgonjwa kijiko chake, kisha usiku zinamlaza na watoto katika chumba kimoja kisicho na dirisha.

Si kila anayevuta bakteria hao huugua. Kwa watu wengi kinga ya mwili huwazingira na kuwazuia wasisambae, nao hubaki hai lakini kimya kwa miaka, pengine mpaka mtu anazeeka. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa kwa namna hiyo. Hawakohoi, hawakondi, hawamwambukizi mtu. Kati yao, asilimia 5 hadi 10 wataugua katika maisha yao, wengi katika miaka miwili ya mwanzo baada ya kuambukizwa, na wengine pale kinga itakapodhoofika kwa sababu ya njaa, VVU, kisukari, pombe nyingi, sigara au uzee. Ugonjwa ukiamka huanza taratibu: kikohozi kisichoisha, homa za jioni, jasho linaloloweka shuka usiku, kukosa hamu ya kula, kukonda, na baadaye damu katika makohozi. Mapafu ndiyo hushambuliwa zaidi, lakini bakteria huweza kwenda kwenye tezi, uti wa mgongo, figo, na kwa watoto wadogo kwenye utando wa ubongo. Wenye ugonjwa wa mapafu au koo ndio wanaowaambukiza wengine. Mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuwaambukiza watu 5 hadi 15 kwa mwaka miongoni mwa wanaokaa naye karibu, na pasipo dawa karibu nusu ya wagonjwa hufa.

Mwaka 2023 watu wapatao milioni 10.8 waliugua kifua kikuu, na milioni 1.25 walikufa. Hakuna kimelea kingine kilichoua watu wengi kuliko hao mwaka huo. UVIKO-19 ulikuwa umekipokonya kifua kikuu nafasi hiyo kwa miaka mitatu, kisha kikairudia. India peke yake ilikuwa na zaidi ya robo ya wagonjwa wote, ikifuatiwa na Indonesia, China, Ufilipino na Pakistani. Nchi 30 zinabeba takriban asilimia 87 ya mzigo wote, na miongoni mwake zimo Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wanaume ni zaidi ya nusu ya wanaougua; watoto na vijana wadogo ni karibu mmoja katika wanane.

Takwimu hizi zinatisha zaidi zikiwekwa kando ya jambo jingine: kifua kikuu kinatibika. Dawa zake zipo tangu katikati ya karne iliyopita, bei yake ni ndogo, na zinaponya karibu kila anayezipata mapema na kumaliza dozi. Kwa hiyo swali la afya ya umma si jinsi ya kumponya mgonjwa mmoja. Ni kwa nini dawa iliyopo haimfikii anayekohoa.

Kabla ya dawa

Ugonjwa ni wa kale. Alama zake zimeonekana kwenye mifupa ya uti wa mgongo ya maiti zilizohifadhiwa Misri ya kale. Katika karne ya 19 uliua watu wengi mno katika miji ya viwanda ya Ulaya, ambako familia nzima ilikaa chumba kimoja na wafanyakazi walikula kidogo. Wengi waliamini kuwa ni wa kurithi, kwa kuwa ulifuata ukoo mmoja. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch aliwaonyesha wanasayansi wenzake bakteria anayeusababisha, na siku hiyo ndiyo huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Miaka minane baadaye Koch alitangaza kimiminika alichodhani ni tiba, tuberkulini. Hakikuponya mtu. Kilibaki kuwa kipimo cha ngozi cha kuonyesha maambukizi.

Kwa miongo sita baada ya ugunduzi huo, matibabu yalikuwa kitanda, hewa safi na chakula katika hospitali za milimani. Tanganyika nayo ilipata ya kwake: Kibong'oto, katika miteremko ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926. Hospitali za namna hiyo ziliwatenga wagonjwa na jamaa zao, na hilo peke yake lilipunguza maambukizi, lakini wengi walifia humo. Hata hivyo vifo vya kifua kikuu Uingereza na nchi jirani vilikuwa vikipungua miaka mingi kabla ya dawa yoyote kupatikana. Mishahara iliongezeka, chakula kikawa bora, nyumba zikapata madirisha na nafasi. Wataalamu wamebishana kuhusu uzito wa kila sababu, lakini hakuna anayekanusha kuwa hali ya maisha ilikuwa na sehemu kubwa. Hoja hiyo itarudi mbele.

Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, alipata streptomisini kutoka kwa kijidudu cha udongoni. Jaribio lililofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1948 lilileta furaha na onyo kwa pamoja. Miongoni mwa wagonjwa 55 waliopewa sindano za dawa hiyo, 4 walikufa katika miezi 6. Miongoni mwa 52 waliopumzishwa kitandani tu, walikufa 14. Lakini miaka mitano baadaye tofauti ilikuwa imekaribia kufutika: 32 upande mmoja, 35 upande mwingine. Bakteria walikuwa wamezoea dawa. Kutoka hapo ikajulikana kanuni ambayo haijabadilika mpaka leo: kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Katika mamilioni ya bakteria waliomo kwenye pafu lililoharibika, daima wako wachache ambao dawa fulani haiwadhuru. Dawa hiyo ikipewa peke yake huwaua wenzao na kuwaachia nafasi. Dawa mbili au zaidi zikiingia kwa pamoja, wale waliookoka ya kwanza huuawa na ya pili. Isoniazidi ilipopatikana mwaka 1952, na dawa nyingine kabla na baada yake, matibabu kamili yakawezekana. Yalichukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Kilichofuata kilivunja imani ya zamani kuhusu vitanda vya hospitali. Huko Madras, India, kuanzia mwaka 1956, wagonjwa maskini waligawanywa: wengine wakalazwa, wengine wakapewa dawa nyumbani kwao, penye msongamano na chakula kidogo. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawasawa na waliolazwa, na jamaa zao hawakuugua zaidi ya jamaa za waliolazwa. Mgonjwa akianza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka. Nchi zisizo na vitanda vya kutosha zikawa zimepata njia.

Mchango wa Afrika Mashariki

Muda wa matibabu ulibaki kuwa tatizo. Miezi 18 ni mirefu kwa mtu ambaye, baada ya miezi miwili, anajisikia mzima na ana shamba linalomngoja. Katika miaka ya 1960 ilipatikana rifampisini, na watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakiongozwa na Wallace Fox na mtaalamu wa bakteria Denis Mitchison, wakaamini kuwa dawa hiyo na pirazinamidi zingeweza kuwamaliza hata bakteria waliolala. Jaribio lenyewe lilianza mwaka 1970 katika hospitali za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Wagonjwa walipewa streptomisini na isoniazidi kwa miezi 6. Kundi moja likaongezewa rifampisini, jingine pirazinamidi, mengine yakabaki bila hizo. Matokeo yalipochapishwa kuanzia mwaka 1972 hayakuacha shaka. Katika makundi yasiyokuwa na dawa hizo mbili, zaidi ya mgonjwa mmoja katika watano alirudiwa na ugonjwa. Katika kundi la rifampisini walirudiwa wachache sana.

Matibabu ya miezi 6 yanayotumika leo, Dodoma na London vilevile, yametokana na jaribio hilo na yale yaliyolifuata. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne zilizounganishwa katika kidonge kimoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata zinabaki mbili, rifampisini na isoniazidi. Mkojo hugeuka rangi ya chungwa, jambo ambalo humshtua asiyeambiwa mapema. Wagonjwa wa kanda hii waliokubali kujaribiwa wanastahili kutajwa katika kila historia ya tiba hii, nao hawatajwi vya kutosha.

Dawa nzuri, hata hivyo, haijigawi yenyewe. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, ambao mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo. Styblo alizaliwa Czechoslovakia, na yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu baada ya kufungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa vita. Mfumo uliojengwa na Watanzania pamoja naye ulikuwa wa kawaida kabisa kwa kuutazama. Kila wilaya ilikuwa na mratibu wake wa kifua kikuu na ukoma, mwenye pikipiki au gari na wajibu wa kuzungukia vituo. Makohozi yalipimwa kwa hadubini katika hospitali ya wilaya, si mkoani tu. Dawa ziliagizwa kwa hesabu, zikawa na akiba, zisikatike. Mwanzoni mwa matibabu mhudumu alimwona mgonjwa akimeza dawa. Na jina la kila mgonjwa liliandikwa katika daftari, kisha kila robo mwaka ikahesabiwa: kati ya walioanza pamoja, wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wangapi wameacha, wangapi wamehama, wangapi dawa zimeshindwa kuwaponya.

Hesabu hiyo ya makundi ndiyo kiini cha jambo. Kabla yake programu nyingi ziliripoti wagonjwa waliogunduliwa na dawa zilizotumika, na hakuna aliyejua wangapi walipona. Daftari la Tanzania lilionyesha kwanza kwamba matokeo hayakuwa mazuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wagonjwa wakaanza kupewa matibabu mafupi zaidi, ya miezi 8, yenye rifampisini katika miezi miwili ya kwanza, na kiwango cha kupona kikapanda kufikia karibu asilimia 80, katika nchi ambayo uchumi wake wakati huo ulikuwa umedhoofika vibaya. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1993, iliyataja matibabu hayo kuwa miongoni mwa huduma za afya zenye faida kubwa kuliko gharama zake. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na miaka miwili hivi baadaye likaueneza mfumo huo kila bara kwa jina la DOTS. Msingi wake uliwekwa katika wilaya za Tanzania.

Kisha VVU vikaja. Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa ana uwezekano mara nyingi zaidi wa kuugua kifua kikuu, na kinga ikishuka sana ugonjwa hubadilika sura: makohozi hayaonyeshi bakteria, picha ya kifua haielezi wazi, mgonjwa anakufa kabla ya jibu. Tanzania, iliyokuwa ikiandikisha wagonjwa wapatao 12,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliandikisha zaidi ya 60,000 miongo miwili baadaye. Programu bora ilizidiwa, na wodi zikajaa kote kusini na mashariki mwa Afrika. Nafuu ilianza pale dawa za kufubaza VVU zilipofika katika vituo vya serikali, na kliniki hizo mbili zikaanza kufanya kazi pamoja: mwenye kifua kikuu anapimwa VVU, na mwenye VVU anaulizwa kuhusu kikohozi kila anapohudhuria.

Wanaopotea njiani

Kati ya watu milioni 10.8 waliougua mwaka 2023, milioni 8.2 tu waligunduliwa na kuandikishwa. Wengine zaidi ya milioni mbili na nusu hawakuonekana popote katika daftari. Kuna waliotibiwa katika hospitali binafsi zisizotoa taarifa, lakini wengi hawakutibiwa kabisa.

Njia ya kupotea huanzia nyumbani. Kikohozi ni jambo la kila siku. Kinatajwa kuwa cha vumbi, cha baridi, cha sigara. Anayekohoa hununua dawa ya maji dukani, kisha antibiotiki ya siku tano, kisha nyingine. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa wengi waliogunduliwa na wachunguzi walikuwa na dalili lakini hawakuwa wametafuta matibabu, hasa wanaume. Fundi wa kulipwa kwa siku anajua hesabu yake: siku ya kwenda zahanati ni siku bila posho, na huenda akaambiwa arudi kesho.

Akifika, kipimo nacho kina kasoro zake. Hadubini imetumika tangu siku za Koch na bado inatumika, lakini huwakosa karibu nusu ya wagonjwa, kwa kuwa inahitaji bakteria wengi sana katika makohozi ndipo waonekane. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha GeneXpert, mashine inayotambua vinasaba vya bakteria katika muda usiozidi saa mbili na kuonyesha papo hapo kama rifampisini itafanya kazi. Ni hatua kubwa. Lakini mashine inataka umeme usiokatika, vifaa vya kupimia vinavyoagizwa nje na fundi wa kuitengeneza, na mwaka 2023 chini kidogo ya nusu ya wagonjwa wapya duniani ndio walioanza kwa kipimo cha aina hiyo. Zahanati ya kijijini haina mashine. Ina kikopo cha makohozi kinachongoja pikipiki ya kukipeleka mjini.

Morogoro kumepatikana msaada ambao wageni husafiri kuja kuuona. Shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafundisha panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20, kazi ambayo mtaalamu wa hadubini angeifanya kwa siku kadhaa. Hupewa sampuli ambazo tayari zimepimwa vituoni, na zile anazoziashiria hurudiwa maabara kwa uthibitisho. Kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa wengi walioambiwa awali kuwa hawana ugonjwa.

Watoto hupotea zaidi ya wote. Mtoto wa miaka mitatu hajui kutoa makohozi, humeza. Na hata akitoa, bakteria wake ni wachache. Daktari hana budi kuamua kwa dalili, picha na taarifa kwamba kuna mtu mzima nyumbani anayeugua. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi hapakuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yao. Wazazi walivunja vidonge vichungu vya watu wazima na kukisia kipimo. Mwezi Oktoba 2016 Kenya ikawa nchi ya kwanza duniani kuanza kuwapa watoto, nchi nzima, vidonge vinavyoyeyuka majini vyenye kipimo sahihi na ladha ya matunda. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 60 tangu isoniazidi ipatikane.

Kuanza dawa nako si mwisho. Vidonge vya kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, lakini kuumwa si bure. Nauli, chakula cha ziada, picha ya kifua, na zaidi ya yote kipato kilichopotea: karibu nusu ya kaya zenye mgonjwa hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya mapato yao ya mwaka. Unyanyapaa huongeza uzito. Kwa kuwa kifua kikuu kimehusishwa na UKIMWI, wapo wanaoficha kadi ya matibabu, wanaochukua dawa kituo cha mbali wasikojulikana, na wanawake wanaoogopa kurudishwa kwao.

Mgonjwa anayeacha dozi mara nyingi hulaumiwa. Mwaka 2010 mahakama ya Kapsabet, Kenya, iliwahukumu wanaume wawili kifungo cha miezi minane kwa kuacha dawa, nao wakawekwa katika gereza lenye msongamano, mahali ambapo ugonjwa huu huenea kwa urahisi kupita kwingine. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba hatua hiyo ilikiuka katiba, na serikali ikatakiwa kuandaa utaratibu wa kibinadamu wa kuwatenga wagonjwa pale inapolazimu. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, na ya kitabibu pia. Palipo na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayempitia mgonjwa nyumbani, simu ya kukumbusha, nauli na chakula, wanaoacha hupungua. Walioanza matibabu ya kifua kikuu cha kawaida wanamaliza kwa mafanikio kwa asilimia 88 duniani.

Kifua kikuu sugu

Dozi zisizokamilika, dawa zilizokatika vituoni na dawa hafifu huzaa bakteria wasiosikia isoniazidi wala rifampisini. Bakteria hao wakishapatikana huambukiza kama wengine. Wengi wenye kifua kikuu sugu leo hawajawahi kuacha dozi, waliambukizwa ugonjwa ukiwa tayari sugu. Mwaka 2023 walikadiriwa kuwa watu 400,000. Mwaka 2006 dunia ilishtushwa na habari kutoka Tugela Ferry, kijiji cha KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini: wagonjwa 53 walikutwa na aina isiyotibika kwa karibu dawa zote zilizokuwepo, na 52 kati yao walikufa, wengi ndani ya wiki chache. Waliopimwa VVU wote walikuwa navyo, na dalili zilionyesha kuwa baadhi waliambukizana katika hospitali ileile waliyoiendea kwa msaada.

Matibabu ya zamani ya ugonjwa sugu yalikuwa mateso. Yalichukua hadi miaka miwili, pamoja na miezi ya sindano za kila siku zilizowaacha wengi viziwi. Tanzania ilianza kuwatibu wagonjwa hao mwaka 2009, Kibong'oto, mahali palepale pa hospitali ya mwaka 1926. Bedakwilini, dawa mpya ya kwanza ya kifua kikuu baada ya zaidi ya miaka 40, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2012. Leo matibabu ya miezi 6 ya vidonge tu, yanayoijumuisha, yanapendekezwa kwa wagonjwa wengi wa aina hiyo. Bei yake ilikuwa kikwazo kwa miaka. Wanawake wawili, mmoja wa India na mwingine wa Afrika Kusini, ambao walipona ugonjwa sugu lakini wakapoteza usikivu kwa sindano, walipinga kampuni yenye dawa hiyo kuongezewa muda wa hataza nchini India. Machi 2023 ofisi ya hataza ilikubaliana nao, na mlango wa watengenezaji wengine ukafunguka.

Chakula, vumbi na nyumba

Somo la Ulaya ya kabla ya dawa limethibitishwa upya. Katika jimbo la Jharkhand, India, watafiti waliwapa wagonjwa wote chakula, kisha wakazigawa familia zao: baadhi zikapata mgao wa kila mwezi wa mchele na dengu pamoja na vitamini, nyingine hazikupata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa katika familia zilizolishwa waliougua kifua kikuu walipungua kwa takriban asilimia 39, na cha mapafu kwa asilimia 48. Ni chanjo chache za ugonjwa huu zilizokaribia kiwango hicho. Utapiamlo ndio unaosababisha wagonjwa wengi zaidi kuliko sababu nyingine yoyote ya hatari, karibu milioni moja kwa mwaka, ukifuatiwa na pombe, sigara, VVU na kisukari.

Vumbi la mawe nalo lina sehemu yake. Silika ikijaa kwenye mapafu ya mchimbaji huyadhoofisha kabisa mbele ya bakteria. Dhahabu ya Afrika Kusini ilichimbwa na wanaume kutoka Lesotho, Msumbiji, Malawi na kwingineko, waliolala katika mabweni yaliyojaa na kurudi kwao na kikohozi. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya fidia ya takriban randi bilioni 5 kwa wachimbaji na familia zao. Huko Mirerani, wanakochimba tanzanite, mashimo membamba na uchimbaji mkavu vinatengeneza hatari ileile.

Kinga na fedha

Chanjo iliyopo ni BCG. Albert Calmette na Camille Guérin walianza kuitayarisha Lille, Ufaransa, mwaka 1908, wakaiotesha upya mara 230 katika miaka 13, na mtoto wa kwanza akaipata mwaka 1921. Inawakinga watoto wadogo na aina mbaya kabisa, hasa ya ubongo, lakini haiwakingi vya kutosha vijana na watu wazima, ambao ndio wanaoeneza ugonjwa. Kwa wanaoishi na mgonjwa au wenye VVU kuna dawa za kinga, zamani isoniazidi ya miezi 6 na sasa pia dozi ya mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Tumaini kubwa liko kwenye chanjo ya M72. Jaribio lililofanywa Kenya, Zambia na Afrika Kusini lilionyesha kuwa ilizuia karibu nusu ya ugonjwa kwa watu wazima waliokwisha kuambukizwa, na Machi 2024 lilianza jaribio kubwa zaidi, lililopangwa kuhusisha hadi watu 20,000 barani Afrika na Asia.

Mkakati wa dunia unataka kufikia mwaka 2035 vifo viwe vimepungua kwa asilimia 95 na wagonjwa wapya kwa asilimia 90, ukilinganisha na mwaka 2015. Kufikia mwaka 2023 vifo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 23 na kiwango cha wagonjwa wapya kwa asilimia 8.3. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilifanya vizuri kuliko wastani huo, asilimia 42 kwa vifo na 24 kwa wagonjwa. Mwezi Septemba 2023 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ziliahidi kufikisha dola bilioni 22 kwa mwaka ifikapo 2027 kwa ajili ya uchunguzi, matibabu na kinga. Zilizopatikana mwaka huo zilikuwa bilioni 5.7. Nchi kubwa kama India na Brazili zinajilipia sehemu kubwa ya gharama zao. Nchi nyingi za Afrika hutegemea wafadhili, na mfadhili mkubwa kuliko wote alikuwa Marekani, ambayo Januari 2025 ilisimamisha misaada yake ya nje. Wiki chache baadaye Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba ugavi wa dawa, maabara, ukusanyaji wa takwimu na kazi za wahudumu wa jamii vilikuwa vimeyumba katika nchi zenye mzigo mkubwa.